Mchukuzi wa Ngazini

Kwanza ilikuwa harufu ya kahawa. Si kahawa ya kwenye kikombe, hapana. Kahawa mbichi, ya magunia, imelala na vumbi mahali pasipo hewa. Fundi Makochi aliingia nayo chumbani jioni ile, na mkewe, Bi Pindo, aliyekuwa anamenya vitunguu, akainua pua.

"Umepitia wapi?"

"Nipitie wapi? Nimefunga karakana chini, nikapanda."

"Unanuka ghala."

"Mimi?" Akavuta kola ya shati, akanusa. "Labda sponji za yule mteja."

Sponji hainuki kahawa, na Bi Pindo alilijua hilo, kwani yeye ndiye aliyekuwa akishona vitambaa vya makochi na mumewe akitengeneza mbao na springi. Lakini alikuwa ameinama juu ya cherehani tangu asubuhi. Mtu aliyechoka hupokea jibu lolote, mradi limwache anyamaze. Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Wakati wa kula ndipo alipomwona vizuri. Fundi alikuwa amekaa shingo imezama mabegani, mkono mmoja unakandakanda bega la kulia.

"Umebeba kochi peke yako tena?"

"Sikubeba kochi." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua atakemewa. "Umeme ulikatika niko katikati ya ngazi. Mbele yangu kulikuwa na mtu anapanda na mzigo. Simwoni, namsikia tu anavyohema. Anahema, mwenzangu, mpaka nikamwonea huruma. Nikamwambia, pole ndugu, nikupokee?"

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alinipa."

"Alikupa nini?"

"Ndiyo hapo sasa. Uzito niliuhisi, nikapanda nao hatua kwa hatua. Umeme uliporudi niko mlangoni kwetu, mikono mitupu."

Bi Pindo alicheka mpaka akashika mbavu. Mumewe alikuwa mtu wa namna hiyo: hajui kumpita mwenye mzigo. Alishamtania mara nyingi kwamba siku akifa atainuka kitandani awasaidie waliobeba jeneza. "Leo umebebeshwa giza," akamwambia, akaondoa vyombo.

Sasa niseme kidogo kuhusu jengo lenyewe, maana bila jengo hakuna kisa. Na niseme mapema, mimi majengo ya zamani sina hamu nayo. Watu wanayasifia madirisha na mbao za milango. Hawaulizi nani alipandisha mawe.

Lilijengwa na mfanyabiashara wa kahawa na ngozi. Chini aliweka ghala, juu maskani. Bwana huyo aliwaogopa wezi kuliko alivyomwogopa Mungu, basi kila gunia zuri alitaka lipandishwe juu, alale nalo ukuta mmoja. Alipokufa warithi wakaligeuza nyumba ya wageni, masanduku ya wasafiri yakapandishwa. Yakaja maradhi, likafanywa zahanati, wagonjwa wakapandishwa kwa machela. Zahanati ikahama, ikaja mitambo ya kuchapa magazeti. Mitambo chini, marobota ya karatasi juu. Kikafuata chuo cha taipu, zikafuata ofisi: wakili, daktari wa meno, na chama fulani cha ushirika kilichokufa kabla ya kufungua madirisha. Kila aliyeingia alipaka rangi yake juu ya rangi ya aliyemtangulia. Ukikwangua ukuta kwa ukucha unapata kijani, chini yake njano, chini yake chokaa. Mwishowe vyumba vikakatwakatwa, vikapangishwa kwa watu kama hawa wawili, karakana chini na makazi juu kabisa, ambako kodi ni ndogo kwa sababu hakuna anayetaka kupanda.

Kila kitu kilibadilishwa isipokuwa ngazi. Ngazi ni ileile moja, ya mbao nzito, inazunguka katikati ya jengo. Dirisha lake wakili aliliziba kwa matofali apate ukuta wa kuegemeza kabati la mafaili, hivyo hata mchana wa jua kali ngazini ni giza, na taa isipowaka mtu hupapasa.

Asubuhi iliyofuata Fundi alimaliza chai akasema, "Natangulia." Bi Pindo alimsikia akishuka, viatu vikigonga mbao, vikififia chini. Akafunga dirisha, akatafuta mkasi wake. Halafu akasikia viatu vinapanda. Akasema moyoni, amesahau funguo. Mlango ukafunguka, Fundi akaingia, jasho linamtiririka.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nimeshuka."

"Umeshuka, sasa mbona uko hapa?"

"Ndiyo nakuuliza wewe," Fundi akanong'ona. "Nimeshuka, mwenzangu. Sikugeuka."

Akajaribu tena, na tena ikawa vilevile. Mara ya tatu Bi Pindo alimshika mkono, akamwambia acha upuuzi, twende. Walishuka pamoja hadi ngazi zinapokata kona. Pale mkono wa mumewe ulianza kuwa mzito, ukalowa jasho, ukawa mgumu, na alipoupapasa aone una nini akakuta ameshika mbao ya kuegemea ngazini, imelainishwa na viganja vya watu waliokufa zamani. Hatua za mumewe zilikuwa juu ya kichwa chake, zinapanda.

Tangu siku hiyo Fundi hakushuka. Karakana ikabaki na makochi ya watu yamefunguliwa matumbo, springi nje. Wateja walikuja wakalalamika, Bi Pindo akawaambia mgonjwa, ana homa. Alishona chini, akapanda kumpikia, akashuka kushona, akapanda. Magoti yake yakaanza kulia. Lakini mtu hawezi kulalamikia magoti wakati mumewe anapungua mbele ya macho yake.

Na alikuwa anapungua. Shingo ilizama. Juu ya bega la kulia iliota sugu nene, sugu ya mchukuzi aliyebeba miaka mingi, nayo iliota kwa siku chache tu. Harufu nazo zilibadilika. Kahawa iliondoka, akanuka ngozi mbichi. Kisha siku moja alipomsogezea uji, Bi Pindo alipigwa na harufu ya dawa ya kusafishia vidonda, na chini ya dawa kulikuwa na kidonda chenyewe. Baadaye ukaja wino. Vidole vya Fundi vikawa vyeusi, naye hajagusa kalamu.

"Unaumwa wapi?" mkewe alimuuliza.

"Siumwi. Nimechoka."

"Basi lala."

"Nikilala na huu mzigo nitauweka wapi?"

Aliongea kwa upole uleule wake, na huo upole ndio uliomtisha Bi Pindo. Hakulala. Alisimama katikati ya chumba akihema, uso umeelekea dari. Jioni moja mkewe alipotoka kuteka maji alimkuta kwenye ngazi ndogo ya chuma iendayo juu ya paa, kichwa na mabega vimeshatokeza nje, anakanyaga polepole kama aliyebeba kabati. Alimvuta kwa miguu akamrudisha ndani.

"Unakwenda wapi huko? Huko hakuna chumba!"

"Ngazi zimeisha," Fundi akasema, macho yamemtoka, "lakini mzigo haujafika. Nimeambiwa niupandishe. Haujafika bado."

Hapo Bi Pindo akaelewa. Juu ya paa hakuna ngazi nyingine. Kuna hewa, na chini ya hewa kuna lami. Mumewe angeendelea kupanda hata pasipo na pa kukanyaga. Akaufunga mlango wa paa kwa kamba ya kufungia makochi, mafundo juu ya mafundo, akakaa ameuegemea. Kisha akalia, peke yake, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Kesho yake akaja Msimamizi wa jengo. Huyu bwana hakuwahi kupanda hata ghorofa ya kwanza. Matangazo yake yote aliyatoa akiwa mlangoni, mguu mmoja barabarani.

"Bi Pindo!" akaita. "Mmejiandaa? Mwenye nyumba mpya anataka jengo lake. Hoteli inajengwa, watu wa nje watalala humu, mwezi ukiisha sitaki kuona hata sindano!"

"Mume wangu hawezi kushuka."

"Mbebeni."

"Habebeki. Anapanda tu."

Mguu wa ndani wa Msimamizi ukaufuata wa nje. "Anapanda tu?" akauliza, sauti imeshuka. "Ananuka nini?"

"Leo wino."

"Lahaula." Akatazama huku na huku barabarani, akasogea karibu, akanong'ona. "Sikia, mama. Wapagazi wa zamani walikuwa wakimwita Mchukuzi. Wakiwa wanne ngazini wanasikia hatua za watano. Hawakumsumbua, naye hakuwasumbua. Alibeba nao. Mumeo alimfanya nini?"

"Alimwonea huruma."

"Basi ndiyo kosa hilo," Msimamizi akasema, akamwelekeza kwa mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mnene, mwenye magoti mabovu na ulimi mkali. Alipanda ngazi zile akipumzika kila kona na kuwalaani wote waliovumbua ghorofa. Alipofika juu alijitupa kwenye kochi la Bi Pindo, akataka maji, akanywa, akataka mengine. Ndipo akamtazama Fundi aliyesimama katikati ya chumba, shingo chini.

"Ulimwambia nini siku ile? Sitaki maana yake. Nataka neno lenyewe."

"Nilisema, pole ndugu, nikupokee?"

Mganga akafumba macho. "Ungesema nikutue, baba. Nikutue! Mtu ukimtua, mzigo unashuka chini, mnaagana. Ukisema nikupokee, mzigo haushuki. Unahama."

"Lakini ndivyo tunavyosema," Bi Pindo akadakia.

"Ndivyo tunavyosema. Nao hao wa gizani wanajua ndivyo tunavyosema."

Akatoa chetezo kwenye mkoba, akapuliza makaa, akatia ubani na vitu vingine alivyovificha kiganjani. Moshi ukajaa chumba. Akaanza kuita kwa sauti ya chini, na Fundi akaanza kuyumba. Watu wakiona mtu wa namna hiyo, pepo amemjia kichwani, husema amepandisha. Siku ile neno lilikuwa kweli kwa namna zote mbili, kwani miguu ya Fundi ilikuwa ikiinuka na kukanyaga, ikiinuka na kukanyaga, palepale sakafuni, na mbao zikalia kwa uzito ambao mwili wake haukuwa nao tena.

"Wewe ni nani?" mganga akauliza.

"Sina jina." Sauti haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililokuwa baya. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka tu, aliyechoka kuliko watu wanavyoruhusiwa kuchoka. "Sijawahi kupewa."

"Nani alikutwika?"

"Bwana wa kahawa. Alinitia kifungoni humu, akasema pandisha. Nikapandisha. Akafa hajaniambia tua. Wakaja wa masanduku, wakasema pandisha. Wakaja wa machela, wakaja wa karatasi, wakaja wa mashine. Kila aliyekuja alisimama pale chini akasema pandisha juu."

"Na huyu amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Huyu aliniuliza. Katika wote, huyu peke yake aliniuliza."

Bi Pindo akamwonea huruma, na akajichukia kwa hilo.

"Mwache basi," mganga akasema.

"Nikimwacha, nani abebe?"

Moshi ukaisha. Fundi akaanguka magoti, akainuka papo hapo kana kwamba kuna aliyemshika kola. Mganga akamvuta Bi Pindo pembeni, mdomo sikioni.

"Yule si mkorofi, ila amechoka, na aliyechoka haangalii anamkanyaga nani. Nisikilize vizuri. Jua likiwa utosini, wewe shuka ukasimame chini kabisa, ngazi ya kwanza. Mumeo nitamwambia ashuke. Atakapogeuzwa apande tena, kama siku zile, atakupitia hapo, na huyo mwingine yuko nyuma yake. Ushike mzigo. Sema nikutue. Ukigusa chini usiushangae, geuka utoke nje, na ukifika mlangoni mwite mumeo kwa jina. Mwenye jina ataitika, atakufuata. Asiye na jina atabaki."

"Nimwite jina?"

"Jina alilopewa na mama yake. Sitaki fundi, sitaki baba nanii, na hilo mwenzangu lako ndilo silitaki kabisa. Ukishaushika mzigo ule, hata kwa kidole, mtakuwa mmebeba watatu. Humo ndani mwenzako hatakuwa mmoja tena."

Bi Pindo, mtu mzima aliyezeeka ndoani, akaona haya. Jina la mumewe hakuwahi kulitamka mbele yake. Mwanzoni lilimtia aibu ya uanawali, baadaye likawa kitu cha watu wa nje, cha maofisini na hospitali. Ugomvi wao wote na mapenzi yao yote yalipita kwenye mwenzangu. Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

Adhuhuri akashuka. Mganga alibaki juu, akampa Fundi amri, kisha akateremka kwa kujikokota hadi barabarani akawangoje nje, kwani alisema kazi hiyo ni ya mke. Umeme haukuwepo. Bi Pindo alisimama kwenye ngazi ya kwanza, mgongo ameupa ukuta wa ghala la zamani, mlango wa barabarani hatua chache kushoto kwake, mstari mwembamba wa mwanga chini ya mlango. Kwa nje alisikia pikipiki, mtu anauza nanasi, redio. Alishangaa dunia inaendelea.

Akamsikia mumewe anaanza kushuka. Viatu anavyovijua. Vikashuka ghorofa ya juu, vikakata kona, vikashuka ghorofa ya kati, na kila vilipokaribia ndivyo harufu zilivyomtangulia, kahawa na ngozi na dawa na wino na gundi ya makochi, zote kwa pamoja, kama nyumba nzima inatoa pumzi, hadi viatu vilipofika ngazi chache juu yake, ambapo alipaswa kumwona hata kwa giza lile, na hakumwona, na hatua zikanyamaza, na zilipoanza tena hazikutoka juu bali nyuma yake, pale penye ukuta aliouegemea, ukuta wa mawe usio na mlango, na akahisi mawe yakiwa ya vuguvugu mgongoni mwake, yanahema, kisha bega likapita karibu na bega lake, bega la mumewe lililokunjamana, na nyuma ya mumewe pumzi nyingine, ndefu, ya polepole, ya kitu kilichoinama kwa sababu dari ilikuwa fupi kwake.

Akanyoosha mikono gizani. Akagusa mzigo.

Hakuwahi kuweza kueleza vizuri baadaye. Alisema kwanza ulikuwa gunia, kamba za katani zikamchoma viganja. Kisha ulikuwa mwili wa mtu kwenye machela, wenye moto wa homa, na mtu huyo alimshika kidole. Kisha karatasi, kisha chuma, kisha masanduku, kisha kochi walilompelekea mteja mwaka jana, na vyote havikufuatana, vilikuwa pamoja, juu ya mikono yake, na uti wa mgongo wake ukalia, na akajua kwa mara ya kwanza mumewe amekuwa akisimama na nini katikati ya chumba siku zote zile huku yeye akimwambia lala.

"Nikutue," akasema. Sauti haikutoka. Akakaza meno. "Nikutue!"

Wakainama wote watatu. Mzigo ukagusa chini bila kishindo. Jengo zima likalegea, kuanzia paa, mbao kwa mbao, na vumbi likawamwagikia vichwani. Gizani mtu akashusha pumzi. Hakujua ni nani.

Akageuka. Mwanga chini ya mlango ulikuwa hatua chache, nazo zilimshinda karibu zote. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, kichwani hamna kitu, hamna hata woga. Alikuwa amechoka hivyo. Akafika mlangoni, akashika komeo, akausukuma, jua likampiga usoni, na mdomo wake ukafanya ulichofanya kila jioni tangu ujana wake, wakati wa kufunga karakana na kwenda nyumbani.

"Haya, mwenzangu," ukasema. "Twende zetu."

Neno lilipotoka alilisikia. Alisimama, mkono kwenye komeo. Nyuma yake hatua zikaanza kuja, nyepesi, na Fundi Makochi akatokea juani, shingo imenyooka, anapepesa macho. Akamtazama mkewe, akatabasamu. "Ahsante," akasema.

Mganga alikuwa amekaa kwenye stuli ya muuza nanasi. "Umemwita jina?"

"Nimemwita," Bi Pindo akajibu. Ametoka au hajatoka? Si huyu hapa? Akamshika mkono, ukawa mkono, una joto.

Walihamia mtaa mwingine, chumba cha chini, kizingiti kimoja tu. Fundi alinawiri. Alikula, alilala, jamani alilala! Alilala mchana, alilala jioni, akiamka ananyoosha viungo na kutabasamu. Hakuwa na neno baya kwa mtu. Ila nyundo aliishika kama kitu cha kigeni, na springi hakujua inaingiaje. "Nitajifunza," alisema. Kabla ya kuketi alingoja aambiwe keti. Na mara moja mama wa jirani alipita na ndoo mbili za maji, akiyumba, Fundi akamtazama kuanzia mwanzo wa uchochoro hadi mwisho, mikono amekunja kifuani, kwa utulivu mkubwa. Bi Pindo aliyaona hayo yote na kuyatafutia sababu moja moja. Ugonjwa humbadilisha mtu. Mshtuko. Umri. Alijiambia hivyo hivyo kila siku, na kila siku maelezo yalizidi kumchosha.

Mwishoni akarudi kule kuchukua meza ya cherehani yake aliyoiacha. Fundi akamfuata, hakumkataza. Jengo lilikuwa limevishwa majukwaa ya miti, mafundi ujenzi wamejaa, ukuta umekwanguliwa hadi chokaa. Msimamizi wa ujenzi, kijana mchangamfu, aliwakaribisha hadi ukumbi wa chini.

"Jengo hili lina baraka, mama," akasema. "Kwingine napigana na vibarua kupandisha saruji. Hapa tunaacha mifuko chini, tukirudi kula iko juu, imepangwa vizuri. Sijui ni nani kati yao. Wanasema kuna mzee mmoja mpole, wanamsikia tu ngazini. Halalamiki hata kidogo."

Bi Pindo alikuwa anasikiliza. Kule gizani, ngazi zinapokata kona, mtu alikuwa anapanda na kitu kizito, polepole, akipumzika na kuanza tena. Vibarua wawili walikuwa wanateremka, na sauti ikawaambia, kwa upole, kwa kuhema, "Samahani wajomba, nipisheni kidogo."

Aliijua sauti hiyo kuliko alivyoijua yake mwenyewe. Aliachia mkoba ukaanguka. Akakimbia mpaka ngazi ya kwanza, akashika mbao kwa mikono miwili, na haya zote za maisha yake zikamtoka. Akamwita mumewe jina lake. Akaliita lote, kwa sauti kubwa, mpaka vibarua wakageuka.

Juu, hatua zikasimama.

Akavuta pumzi aite tena.

"Naam?" akawahi kuitika yule aliyemfuata, aliyesimama nyuma yake, na kumwekea mkono begani. "Naam, mwenzangu. Niko hapa."

Na juu hatua zikaanza tena kupanda.